Chanzo cha mionzi kilichotoka na mgonjwa: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki, cha kipande kidogo chenye mionzi kilichotoka kituoni kikiwa ndani ya mwili wa mgonjwa, kilitokea Novemba 1992 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mamlaka ya nyuklia ya nchi hiyo ilikichunguza rasmi, na tangu hapo hakuna mafunzo ya maana ya kinga ya mionzi hospitalini yanayokiruka. Nimeondoa jina la mgonjwa, la kituo cha saratani, la makao ya wazee, la mtengenezaji wa mashine na la kampuni ya taka. Tarehe nimeziacha, kwa sababu ndizo zinazoonyesha ni muda gani chanzo kilizunguka mitaani huku mwenye nacho akiamini kipo kashani.

Usuli

Brakitherapi ni tiba ya saratani ambayo chanzo cha mionzi hupelekwa hadi ndani ya uvimbe au pembeni yake, badala ya kupiga mionzi kutoka nje ya mwili. Katika aina inayotumia dozi kubwa kwa muda mfupi, chanzo ni kipande kidogo cha iridiamu-192 kilichofungwa kwenye ncha ya waya ambao unene wake hautimizi milimita 1. Waya huo hukaa ndani ya mashine, kwenye kasha zito la kuzuia mionzi. Mgonjwa huwekewa katheta, yaani vijirija vyembamba vinavyoingia mwilini, katheta huunganishwa na mashine kwa mirija, wahudumu hutoka chumbani na kufunga mlango, kisha kompyuta husukuma waya kwenye katheta moja baada ya nyingine. Chanzo husimama sekunde kadhaa hapa na sekunde kadhaa pale, kwa mpango uliokwisha kupigiwa hesabu, halafu waya huvutwa kurudi kashani.

Mashine hizi zilikuja kutatua tatizo la zamani. Enzi za sindano za radiamu na mirija ya sesiamu, chanzo kilishikwa kwa koleo na mtu, kikakaa kwa mgonjwa wodini siku mbili tatu, na kila mara kulikuwa na hatari ya kuondoka na shuka chafu au kutupwa pamoja na pamba za kidonda. Ndiyo maana hospitali zilijifunza kutotoa hata kipande cha taka kwenye chumba hicho kabla ya kukipima. Mashine ilipokuja, mkono wa binadamu ukaondoka kwenye chanzo. Bahati mbaya, kwenye vituo vingine mazoea ya kupima nayo yakaondoka.

Chanzo cha kisa hiki kilikuwa na nguvu ya kyuri 4.3 hivi, yaani takribani gigabekereli 160. Katika makundi matano ya hatari ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, vyanzo vya mashine za namna hii vipo kundi la 2: mtu akikaa nacho karibu bila kinga kwa saa au siku kadhaa, kinaweza kumuua.

Mgonjwa alikuwa bibi wa miaka zaidi ya 80 mwenye saratani ya njia ya haja kubwa, akiishi kwenye makao ya wazee. Alipangiwa jumla ya grei 18 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi inayofyonzwa na mwili) kwa awamu tatu, grei 6 kila awamu. Aliwekewa katheta tano, ambazo zingebaki mwilini baina ya awamu moja na nyingine.

Kituo kilikuwa na vitu vitatu vya kueleza chanzo kiko wapi. Cha kwanza ni paneli ya mashine yenyewe. Cha pili ni kipima mionzi kilichobandikwa ukutani, chenye taa nyekundu. Cha tatu ni kipima mionzi cha mkononi. Vyote vitatu vilikuwepo siku ile.

Mambo yalivyokwenda

Jumatatu, Novemba 16, katheta nne za kwanza zilipita salama. Ya tano ikasumbua. Waya haukutaka kufika mahali pake. Wahudumu wakajaribu tena na tena, haukwenda, wakaamua kuurudisha na kusitisha hapo. Waya ukarudi, na paneli ikaonyesha kwamba hali ni salama.

Kipima cha ukutani hakikukubaliana na paneli. Taa yake ilikuwa inawaka. Wahudumu waliiona, na daktari pia alijua. Wakatazama paneli, paneli inasema salama. Wakahitimisha kwamba kipima cha ukutani kina hitilafu, wakakiweka upya. Kipima cha mkononi hakikuguswa. Bibi akaondolewa kwenye mashine na kurudishwa kwenye makao ya wazee kwa gari la wagonjwa.

Ndani ya katheta ya tano, ncha ya waya ilikuwa imekatika. Iridiamu ilikuwa imebaki mwilini mwake.

Alikaa nayo karibu siku nne. Wauguzi walimgeuza, wakamsafisha, wakambadilishia mashuka. Ndugu na wakazi wenzake walikaa karibu naye. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kushuku chochote: mionzi haina harufu wala joto unaloweza kulisikia, na mgonjwa wa umri ule mwenye saratani ile akidhoofika, kila mtu hudhani ni ugonjwa. Ijumaa, Novemba 20, katheta yenye chanzo ilichomoka yenyewe. Ikaokotwa na kuwekwa kwenye mfuko mwekundu wa taka zenye maambukizi, jinsi mhudumu yeyote makini anavyopaswa kufanya na katheta iliyotoka kwa mgonjwa. Bibi alifariki siku iliyofuata.

Mfuko ukabaki pale makaoni hadi Jumatano, Novemba 25, gari la kampuni ya taka lilipopita kukusanya. Ijumaa, Novemba 27, shehena ilifika kwenye kiwanda cha kuteketeza taka za hospitali katika jimbo jirani la Ohio. Getini kulikuwa na vipima mionzi vya kudumu, navyo vikalia. Shehena ikazuiwa isiingie tanurini. Baadaye sanduku linalotoa mionzi likatafutwa na kutengwa, na lebo yake ikaonyesha lilikotoka: makao ya wazee. Kutoka makaoni swali likafika kituo cha saratani. Hapo ndipo kituo kilipofungua macho kwamba mashine yake ilikuwa na waya usio na chanzo. Ilikuwa tayari Desemba mosi.

Maamuzi, na kwa nini yalifanyika hivyo

Uamuzi wa kusitisha katheta ya tano ulikuwa sahihi. Waya ukikwama, unaurudisha, usiulazimishe.

Uamuzi wa kuamini paneli na kudharau taa ya ukutani ndio kiini cha kisa chote, na nataka kuutendea haki. Ni rahisi, miaka thelathini na zaidi baadaye, kusema walikuwa wazembe. Hebu jiweke pale. Una vyombo viwili vinavyopingana. Kimoja ni mashine ya kisasa yenye kompyuta, inayokupa taarifa za kina, iliyofundishwa kwako kuwa ina kinga ndani ya kinga. Kingine ni kisanduku cha ukutani chenye taa moja. Mgonjwa ni mzee, amechoka, amelala kwenye mkao usio wa staha. Ukiiamini paneli, kazi inaendelea na bibi anarudi kitandani kwake. Ukiiamini taa, una dharura ambayo hukuwahi kuifanyia mazoezi. Uchunguzi rasmi uligundua kwamba wahudumu hawakuwa wameandaliwa ipasavyo kwa hali hiyo, na kwamba msimamizi wa kinga ya mionzi hakuwa akikisimamia kituo kile kwa karibu.

Hata hivyo, haki hiyo ina mpaka. Vyombo viwili vikipingana, kipo cha tatu kabatini, na kazi yake ni hiyo tu. Kukitumia kulihitaji chini ya dakika moja. Kanuni za wakati ule, tena, ziliwataka wapime. Si jambo lililokuja kubuniwa baada ya ajali.

Matokeo

Bibi alipangiwa grei 18 kwa jumla. Makadirio ya uchunguzi ni kwamba, kwa umbali wa sentimita 1 kutoka kwenye chanzo, alipata grei takribani 16,000. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilitaja mionzi kuwa sababu ya kifo.

Watu wengine 94 walipata mionzi kwa viwango mbalimbali: wahudumu wa kituo, wa gari la wagonjwa, wauguzi na wakazi wa makaoni, wageni, na wafanyakazi wa taka. Mwezi Desemba mamlaka ya Marekani ilituma waraka kwa vituo vyote vyenye leseni ya brakitherapi kuhusu masharti ya kumruhusu mgonjwa aondoke baada ya tiba. Mwezi huohuo, waya mwingine wa aina ileile ulikatika kwenye kituo kingine katika jimbo hilohilo, na safari hii chanzo hakikutoka chumbani. Kwa hiyo udhaifu wa waya ulikuwa halisi, na mashine zenyewe zilipaswa kurekebishwa. Lakini linganisha matukio hayo mawili: hitilafu ni ileile, tofauti ni kwamba katika moja kulikuwa na mtu aliyejua chanzo kiko wapi.

Uchambuzi

Mashine ilihesabu waya

Mashine ile ilijua urefu wa waya uliotoka na urefu uliorudi. Waya ukirudi wote, mashine inatangaza salama. Haikuwa na njia ya kujua kama kwenye ncha bado kuna iridiamu. Ni sawa na kuvuta kamba kisimani: kamba yote imefika juu, umeikunja vizuri mkononi, na ndoo imebaki chini ya maji.

Hili ndilo funzo la kwanza kwa yeyote anayesimamia vyanzo vidogo. Kila mfumo wa kufuatilia unafuatilia kitu fulani, na mara nyingi si chanzo chenyewe. Daftari hufuatilia maandishi. Lebo ya msimbo hufuatilia chombo kilichobandikwa lebo. Paneli hufuatilia mota. Kinachofuatilia mionzi ni kipima mionzi peke yake, na katika chumba kile kipima cha ukutani ndicho kilichokuwa kinasema kweli. Kwa hiyo kanuni ya kuandikwa ukutani kwa herufi kubwa ni hii: vyombo vikipingana, chukulia chanzo kipo nje mpaka kipima cha mkononi kithibitishe vinginevyo. Usipige kura baina ya vyombo.

Kipima cha mkononi kingeonyesha nini

Tupige hesabu. Chanzo cha iridiamu-192 cha gigabekereli 160 kisicho na kinga hutoa karibu milisiveti 17 au 18 (milisiveti ni kipimo cha madhara ya mionzi kwa mtu) kwa saa kwa umbali wa mita 1. Mwili wa mgonjwa hupunguza kidogo, si sana. Kikomo cha mwaka mzima kwa mwananchi wa kawaida ni milisiveti 1. Mtu aliyesimama mita moja kutoka kitanda cha bibi alimaliza kiwango chake cha mwaka ndani ya dakika chache.

Maana yake ni kwamba kipima kisingehitaji jicho la mtaalamu. Mshale ungepanda mpaka mwisho pale mlangoni. Watu wakiniuliza kama vituo vyetu vinahitaji vifaa vya gharama kubwa ili kuzuia ajali kama hii, jibu langu ni hapana. Kipima cha kawaida chenye betri nzima kingetosha, mradi kiwe mkononi mwa mtu.

Fomu isiyo na nafasi ya kuuliza

Katika visa vya upotevu wa vyanzo, mimi huanza na karatasi. Fomu ya tiba ya brakitherapi huwa na jina la mgonjwa, dozi, idadi ya katheta, muda wa chanzo kusimama kila mahali, na sahihi. Isipokuwa na mstari unaosema "usomaji wa kipima kwa mgonjwa baada ya tiba" wenye namba, saa na jina la aliyepima, basi kupima kunabaki hiari ya mtu, na hiari hupotea siku ya foleni ndefu.

Namba ina nguvu kuliko tiki. Tiki inaweza kuwekwa na mtu aliyekaa kwenye kiti chake. Kuandika kwamba chumbani kulisomeka kiasi fulani kabla, na kiasi kilekile baada, kunamlazimu mtu aende na kipima, mara mbili. Na anayepima asiwe yuleyule aliyekuwa kwenye paneli. Aliyeangalia paneli dakika ishirini ameshaamini inachosema.

Kilichofanya kazi

Kuna kejeli chungu hapa. Kampuni ya taka ilikuwa na kipima getini, ikakiamini kilipolia, ikasimamisha kazi, na sanduku lilikuwa na lebo ya kusema lilikotoka. Taka zilifuatiliwa vizuri kuliko chanzo. Bila geti lile, iridiamu ingeingia tanurini pamoja na mabaki mengine, na kwenye majivu nani angejua imetoka wapi?

Wafanyakazi wa geti lile hawakuwa wataalamu wa tiba. Waliambiwa tu: kikilia, gari lisimame. Nao wakasimamisha. Agizo fupi, lisilo na tafsiri mbili, lililotolewa kwa mtu asiye na haraka ya kumaliza tiba ya mgonjwa, lilifanya kile ambacho mafunzo marefu hayakufanya.

Wauguzi wa makaoni nao sioni pa kuwalaumu. Walipokea mgonjwa bila kuambiwa kwamba kuna uwezekano wowote wa hatari. Kama barua ya kumrudisha mgonjwa ingesema "katheta ikichomoka usiitupe, usiishike kwa mkono, piga simu kituoni", kisa kingekatika Novemba 20, siku moja kabla ya kifo na siku tano kabla ya gari la taka.

Pale ambapo somo hili linabadilika

Si vyanzo vyote vidogo vinafanana, na kosa la kawaida ni kutumia utaratibu mmoja kwa vyote.

Punje za iodini-125 zinazopandikizwa kwenye tezi dume ni mfano. Hizi hubaki mwilini daima; nusu-uhai wake, yaani muda wa nguvu kupungua kwa nusu, ni siku 59 hivi, kwa hiyo nguvu hufifia zikiwa mlemle. Zipo kundi la 5, la hatari ndogo kabisa. Lakini huwa nyingi, makumi kwa mgonjwa mmoja, na kila moja ni ndogo kiasi cha kunata kwenye glovu au kujificha kwenye kitambaa cha upasuaji. Hapa ufuatiliaji ni hesabu: zilizopokelewa lazima zilingane na zilizopandikizwa jumlisha zilizobaki. Hesabu hiyo hufungwa chumba cha upasuaji kikiwa bado kimefungwa, kabla ndoo, mashuka na maji ya kunyonya hayajatoka. Na kipima kinachofaa si kilekile: mionzi ya iodini-125 ni dhaifu, vipima vingi vya kawaida huisikia kwa shida, kwa hiyo hutumika chenye fuwele nyembamba ya iodidi ya sodiamu. Hospitali inayotafuta punje kwa kipima kisichozisikia itaambiwa kila siku kwamba hakuna kilichopotea.

Upande wa pili ni vyanzo vya kobalti-60, ambavyo hospitali nyingi za nchi zenye changamoto ya usafirishaji huvipenda kwenye mashine za brakitherapi. Sababu inaeleweka. Nusu-uhai wa iridiamu-192 ni siku 74 hivi, kwa hiyo chanzo hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na kila ubadilishaji ni shehena inayokuja na shehena inayorudi, forodha, vibali na gharama. Kobalti-60 ina nusu-uhai wa miaka 5.27, hukaa kazini miaka. Lakini geuza hesabu hiyo: chanzo cha iridiamu kikipotea, baada ya miaka miwili hakina la kutisha. Cha kobalti kikipotea leo, mtoto anayezaliwa leo atakikuta kingali na nguvu karibu nusu akianza darasa la kwanza.

Afrika Mashariki tuna mashine hizi. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, imekuwa ikitibu kwa brakitherapi kwa miaka mingi, hasa saratani ya mlango wa kizazi. Mgonjwa wetu haendi makao ya wazee yenye wauguzi na mifuko myekundu. Anapanda basi kurudi mkoani, amekaa amebanana na abiria wengine saa nane au kumi, na nyumbani analala chumba kimoja na wajukuu. Taka za nyumbani huishia shimoni au kuchomwa uani. Hakuna geti baada ya mlango wa hospitali, kwa hiyo mlango wa hospitali ndio geti.

Utaratibu ninaoupendekeza kwa chumba cha brakitherapi ni mfupi. Kipima cha mkononi kitundikwe nje ya mlango wa chumba cha tiba, mahali ambapo anayeingia hawezi kupita bila kukiona. Kisifungiwe kabatini kwa mtaalamu wa fizikia ambaye leo yuko semina. Kila asubuhi kijaribiwe kwa chanzo kidogo cha majaribio na betri ikaguliwe. Baada ya kila tiba, anayeingia aingie nacho kikiwa kimewashwa, apime kuanzia mlangoni, kisha mgonjwa, mirija na mashine, aandike namba kwenye fomu. Ndani ya chumba kuwe na chungu cha madini ya risasi, cha kuzuia mionzi, na koleo ndefu, tayari kwa katheta itakayolazimika kuchomolewa haraka. Na mara moja kwa robo mwaka, chanzo kinapobadilishwa au kupimwa upya, watu walewale wa zamu wafanye zoezi la waya uliokatika kwa waya wa bandia, saa mkononi, mpaka waweze kulimaliza bila kumngoja mkubwa yeyote aje kuwaambia la kufanya.